Wajibu Wetu kwa Kitu Kilichokwisha Kazi

Mtumishi aliyetumika kwa uaminifu hata nguvu zikamwisha hafukuzwi mlangoni na mtu mwungwana. Katika hilo hapana ubishi mkubwa. Ubishi huanza pale mtumishi anapokuwa si mtu bali kitu. Chuma hakina moyo wa kuvunjika, wala jiwe halina macho ya kulia. Je, kitu kilichokwisha kazi kina haki yo yote juu yetu, au hukumu yake ni moja tu, kuondolewa kipishe kingine?

Na tulipime swali hili kwa mfano mmoja. Katika Uingereza, mpakani mwa Derbyshire na Nottinghamshire, liko bonde la mto Erewash. Juu ya bonde hilo limesimama daraja la reli liitwalo Bennerley, lenye urefu wa meta 443 hivi na kimo cha meta 18. Lilijengwa katika miaka ya 1876 na 1877 kwa ajili ya kampuni ya Great Northern Railway, na magari moshi yakaanza kulipita mwaka 1878. Madaraja mengi ya namna hiyo katika nchi ile ni ya mawe au matofali. Hili lilijengwa kwa chuma cha kufuliwa, wala si kwa urembo. Chini ya bonde wachimbaji walikuwa wametoa makaa ya mawe, ardhi ikawa na uwazi ndani yake, haikuaminika kubeba uzito wa matofali. Wajenzi wakatafuta wepesi, wakaupata katika chuma kilichosukwa mfano wa wavu. Kwa hiyo daraja hili ni ushahidi wa jasho la namna mbili: la waliojenga juu ya ardhi, na la waliochimba chini yake. Majina ya wengi wao hayasomwi po pote.

Njia ile ilifungwa mwaka 1968. Zama zile zilikuwa zama za kubomoa. Huko Wales daraja la Crumlin, lililofunguliwa mwaka 1857, ambalo kwa kimo halikuwa na mwenziwe katika Uingereza, lilivunjwa katikati ya miaka ya 1960. Bennerley lilisalia, lakini tusijidanganye kwamba liliokolewa na mapenzi tu. Chuma cha kufuliwa hakikatiki kwa urahisi kwa moto wa gesi. Kulivunja kungetaka kulifungua kipande kwa kipande, kwa gharama kubwa. Ugumu wake ukawa wakili wake wa kwanza. Wakili wa pili ilikuwa sheria: liliandikwa katika orodha ya majengo yanayolindwa, likapewa cheo cha pili chenye nyota, ambacho hupewa majengo yenye thamani kupita kawaida. Ilipoombwa ruhusa ya kulibomoa, ruhusa haikutolewa. Matuta ya udongo ya kulifikia yalikwisha kuondolewa, nalo likakaa miaka mingi pweke, halipandwi wala halishukwi.

Mpinzani wa ulinzi huu hana haja ya kuwa mtu mbaya. Atauliza: fedha ya kutunza chuma kikuukuu itoke wapi, na wagonjwa hawana dawa? Atauliza tena: kama kumbukumbu ndiyo itakiwayo, picha na vitabu havitoshi? Maswali haya ni ya haki, wala hayajibiwi kwa kusifu mambo ya kale. Si kila cha kale ni chema. Watu wa kale nao walibomoa vya wakale wao, na pengine walifanya vizuri.

Jibu langu limo katika tofauti moja kati ya kutunza na kubomoa. Atunzaye leo aweza kubomoa kesho. Abomoaye leo hawezi kutunza kesho. Amri ya kutunza husikilizwa tena na kila kizazi. Amri ya kubomoa hutolewa mara moja na kizazi kimoja, ikawafunga wote wajao. Mtu wa mwaka 1968 aliona daraja lisilopitwa na gari moshi, akasema kweli kwamba halina kazi. Lakini hakujua lingeweza kuwa na kazi gani baadaye, wala hakuna awezaye kujua jambo la namna hiyo. Mwaka 2020 daraja hilo liliingizwa katika orodha ya dunia ya mahali pa kale panapohitaji kuangaliwa, iitwayo World Monuments Watch. Mwaka 2022, miaka 54 baada ya kufungwa kwa njia, lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Picha hutuonyesha daraja, lakini picha haimvushi mtu bonde.

Basi kulinda kitu cha namna hii si kuabudu chuma, wala si kulipa deni kwa wafu, ambao hawawezi kupokea malipo. Ni unyenyekevu mbele ya watakaozaliwa. Unyenyekevu huo una mipaka yake. Kitu kinachohatarisha maisha ya wapitao hakina haki ya kusubiriwa, na mwenye njaa hashibi kwa kutazama nguzo. Lakini pale ambapo kungoja kunawezekana, tujikumbushe kwamba neno "hakifai" lina neno jingine ndani yake lisilotamkwa: hakifai kwangu, hakifai sasa.

Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu. Katika jambo hili methali hiyo ni kweli mara mbili. Majuto huja nyuma, kama ada yake. Tena mwenye kujuta ni mjukuu mwenyewe, ambaye siku ya kubomoa hakuwapo kuulizwa.