Nasaha Juu ya Amana na Deni la Simu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kuwa vyombo hubadilika, wala hukumu ya Mungu haibadiliki. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Kabla yake mtu wa Mbagala akitaka kumpelekea mamaye fedha Kilwa au Rufiji, alimkabidhi msafiri, na amana nyingine zilipotea njiani. Sasa fedha hufika kabla chai haijapoa. Mwenye duka wa Rangi Tatu hulipwa kwa simu. Na serikali nayo hupokea kodi na ada kwa simu, hata mwaka 2021 ikatoza miamala yenyewe. Basi simu imekuwa mkoba, na daftari, na shahidi.

Katika hayo iko kheri. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, yaamuru deni liandikwe. Na simu huandika siku, saa na kiasi. Na ada ijulikanayo ya kutuma fedha ni ujira wa kazi, si riba.

Lakini iko na hatari. Ya kwanza ni fedha iliyopotea njia. Mtu hukosea tarakimu moja, fedha ikamwingia mwingine, naye akasema ni riziki, akaitoa upesi kabla haijazuiliwa. Hiyo si riziki, wala si mali ya kuokota. Ina mwenyewe, na kuirudisha ni wajibu. Aliyeila amekula haramu, ijapokuwa hakuvunja mlango.

Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni mkopo wa simu. Mfano wake ni mchuuzi wa samaki aliyeishiwa mtaji. Aomba shilingi 50,000, aletewa 40,000, na baada ya siku 7 adaiwa 60,000. Wanavyuoni wa Kishafii wamekwisha kubainisha: mkopo uliowekewa sharti la nyongeza ni riba, na kuiita nyongeza "ada ya huduma" hakuibadili hukumu. Akichelewa, mkopeshaji huwapelekea mkwewe na jirani zake khabari ya deni, kwa majina aliyoyachukua katika simu yake. Na Qur'ani yaamuru mwenye dhiki angojwe hata apate wasaa! Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ilifanya vyema, lakini leseni haihalalishi riba.

Basi na waulizwe wanaume wa msikitini: mchuuzi yule alikimbilia simu kwa nini? Kwa kuwa alibisha mlango wa nduguye usifunguliwe. Safu tatu za wenye kusali hazishindwi na shilingi 50,000. Na wakusanye mfuko wa karadha njema: deni liandikwe, lishuhudiwe, lisizidi hata senti. Na mkopaji naye ajue ya kuwa mwenye uwezo akichelewesha deni amedhulumu.

Mwenyezi Mungu awatosheleze waja wake kwa halali yake, awaepushe na haramu yake. Amin.