Ayubu na Udongo Uliozolewa na Maji



Katika sura ya 14 ya kitabu chake, Ayubu anamlalamikia Mungu kwamba maji hula mawe, mafuriko huzoa udongo, na tumaini la mwanadamu huenda vivyo hivyo. Mkulima wa kwetu Lusewa hahitaji kufafanuliwa. Mvua ya Januari ikipiga shamba la mteremko, mbolea yote iko mtoni.

Ila Ayubu aliutazama udongo ukiondoka, hakuufuata ulikokwenda. Maji yanapopunguza mwendo, bondeni au ziwani, hutua mzigo: changarawe kwanza, kisha mchanga, tope laini mwisho. Msimu mwingine huja na tabaka lake. Uzito wa juu huyakamua maji ya chini, na madini yaliyoyeyuka, kama chokaa, hugandisha chembe kwa chembe hadi mchanga ukawa jiwe. Hiyo ndiyo miamba tabaka.

Mkoa wetu umejaliwa miamba hiyo. Katika bonde la mto Ruhuhu, matabaka yalianza kulala miaka kama milioni 300 iliyopita. Chini kabisa yapo mashapo yaliyoachwa na barafu (naam, barafu, huku kwetu Ruvuma!). Juu yake kuna makaa ya mawe, yaani mimea ya vinamasi iliyofukiwa, kama yale yanayochimbwa Ngaka. Juu zaidi, mifupa ya wanyama waliokuwepo kabla mtu yeyote hajaomba mvua. Hata urani ya Mto Mkuju, humuhumu Namtumbo, imo ndani ya mawe ya mchanga ya jamii hiyo. Na makorongo tunamoyaona matabaka hayo hayakuyatengeneza. Mito ilikuja baadaye sana, ikapasua.

Sasa, asitokee mtu akakimbilia kwa mfiwa na habari za Ruhuhu. Udongo wa shamba lako haurudi; tabaka lake litamfaa mwingine, na huenda hajazaliwa. Ni faraja ngumu, nami siitii sukari. Ayubu mwenyewe hakupewa maelezo. Katika sura ya 38 aliulizwa alikuwa wapi dunia ilipowekewa misingi. Na rafiki zake walimfaa zile siku 7 walizokaa naye chini kimya. Walipofungua vinywa, wakaharibu.

Wiki hii jumuiya ndogondogo zikutane kwa jirani ambaye shamba lake limezolewa. Twende na majembe na mbegu. Hotuba nimekwisha kuitoa mimi.