Mas'ala ya Kuchagua Kitabu cha Ramli

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, baadhi ya vijana wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji wameniuliza: tukitaka kujifunza ramli, tuchague kitabu gani, na mwalimu gani? Tena husema, hatutaki kumdhuru mtu, twataka ilmu tu. Swali lao ni zuri kuliko walivyokusudia wenyewe, maana ndani ya neno hilo la kuchagua mna jawabu lake.

Kwanza tuieleze ramli kwa haki. Mpiga bao hutandaza mchanga juu ya ubao, au hushika kalamu na karatasi, akapiga safu 16 za nukta pasipo kuzihesabu. Kisha huzifuta mbili mbili, hata mwisho wa kila safu ikabaki nukta moja au mbili. Kila safu nne hufanya umbo moja, basi hupatikana maumbo manne yaitwayo mama. Nukta za mama zikisomwa kwa ubavuni huzaliwa mabinti wanne. Na hao wanane wakijumlishwa wawili wawili huzaliwa wengine, mpaka wapatikane mashahidi wawili, na kwao atoke hakimu. Maumbo yawezayo kutokea ni 16, na kila moja lina jina lake: Tariki, Jamaa, Humra na mengineyo. Mwanafunzi mwenye akili huyajua haya kwa muda mchache, wala hapana uongo katika hesabu yake.

Lakini mtazameni huyo hakimu. Nukta zake haziwi witri kabisa. Daima ni nne, au sita, au nane. Sababu yake ni wazi: mabinti wametoka katika nukta zile zile za mama, basi jumla zao ni sawa, na kitu kikijumlishwa na kilicho sawa nacho hakizai witri. Kwa hiyo katika maumbo 16, manane hayapati ukadhi hata ulimwengu uishe! Ni hukumu gani hii, ambayo nusu ya milango yake imekwisha fungwa kabla muulizaji hajafumbua kinywa? Usahihi wa hesabu ni jambo moja na ukweli wa khabari ni jambo jingine, na mwenye kuyachanganya ndiye ahadaikaye, hata akiwa msomi.

Wapiga ramli hutuletea hadithi iliyo katika Sahihi ya Muslim, ya sahaba Muawiya bin al-Hakam as-Sulami. Alimtajia Mtume (S.A.W.) watu wapigao mistari, akajibiwa kwamba alikuwako Nabii akipiga mistari, na ambaye mstari wake utawafikiana na wa Nabii huyo, basi ndiyo hayo. Hapo wao husimama, wakafurahi. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameeleza kuwa ruhusa hiyo imefungwa na sharti la kuwafikiana, nasi hatuna njia ya yakini ya kuujua muwafaka huo, basi haijuzu. Sasa rudini kwenye swali lenu. Mwataka kuchagua kitabu: mtakipima kwa mizani gani? Mmoja atawapa cha Zanati, wa pili atawapa nuskha ya babu yake, na kila mmoja atadai kuwa chake ndicho. Awezaye kuchagua kwa haki ni yule aujuaye mstari wa Nabii, naye hayupo.

Wazungu nao hawakusalimika. Zile karata zao 78 ziitwazo taroti, ambazo vijana wetu siku hizi huziona katika simu, zilianza Italia katika karne ya 15, nazo zilikuwa za mchezo. Mwaka 1781 mtu mmoja wa Ufaransa, Antoine Court de Gébelin, akaandika kuwa ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale, wala hakuleta dalili. Tangu hapo watu wanajifunza kuzisoma kama waraka.

Huenda mtu akasema: mvuvi hutazama mawingu akajua mvua, kwa nini nami nisitazame nukta? Twamjibu: mawingu na mvua vina mfungamano ambao ada imeuonyesha. Nukta na dau lililopotea vina mfungamano gani?

Tuseme mvuvi ametoka Nyamisati kuelekea upande wa Mafia, asirudi. Mkewe ameliwa na hamu, akaenda kwa mpiga bao, akaambiwa: mumeo amekufa. Je, akae eda? Ndugu wagawanye shamba lake la mpunga? Katika madhhebu yetu ya Shafi, kauli iliyo sahihi ni kuwa mke wa mtu asiyejulikana aliko haolewi mpaka iyakinike mauti yake au talaka. Kauli ya kale ilimpa kungoja miaka minne, kisha eda. Na mali yake huzuiliwa mpaka upatikane ushahidi, au upite muda ambao mfano wake hadhaniwi kuwa hai, kadhi akahukumu. Hata wale waliomwonea huruma mwanamke huyu hawakuliweka bao mahali pa shahidi. Nami namwuliza mpiga bao: utakwenda mbele ya kadhi ukaape juu ya neno lako? Hatakwenda. Basi mbona alimwambia mjane, ambaye pengine si mjane?

Na mara ngapi bao limemtaja mwizi au mchawi, akapigwa jirani, au kikongwe asiye na mtu! Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilikataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi, na Januari 2015 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya kuuawa ndugu zetu wenye ualbino.

Wengine huigeuza istikhara kuwa ramli ya msikitini, wakingoja ndoto iwaambie yaliyofichika. Istikhara ni dua ya kuombwa kheri katika jambo utakalolifanya. Haikuwekwa kwa kupekua khabari za waliopotea. Mwenye kupotelewa na mume apeleke watu Mafia na Kilwa wakaulize bandarini, kisha amwendee kadhi.

Ama ile fedha aliyokwisha toa kwa mpiga bao, Mtume (S.A.W.) amekataza ujira wa kahini. Aliyeipokea haimiliki, na yampasa kuirudisha kwa mwenyewe, hata kama ni kidogo, na hata kama dau lilirudi.