Je, Wajibu wa Baba Hukoma Mfukoni?

Mtoto akizaliwa na upungufu wa akili au wa viungo, ni juu ya nani kumlea? Wanaume wengi hujibu: "Mimi naleta chakula na fedha za dawa, mengine ni ya mama, maana yeye ndiye aliyejaliwa subira."

Ndugu msomaji, hebu tulipime jibu hili. Fedha za dawa aweza kuzitoa hata mgeni mwenye huruma. Ikiwa wajibu wa baba ni huo tu, basi ana tofauti gani na mfadhili? Tena mtoto huyu ahitaji kulishwa, kuogeshwa, na pengine kufundishwa neno moja kwa miezi mingi. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama hakuzaliwa na subira kumshinda baba. Ameipata kwa kuubeba mzigo alioachiwa peke yake.

Mfano upo. Mwaka 1928 Charles de Gaulle, askari Mfaransa aliyekuja kuwa Rais wa nchi yake, alipata binti, Anne, mwenye upungufu wa akili uitwao hali ya Down. Zama hizo jamaa nyingi za Ulaya zilikuwa zikiwaficha watoto wa namna hiyo katika nyumba za mbali. Yeye na mkewe Yvonne walikataa. Mtu yule aliyejulikana kwa ukali na uchache wa maneno alikuwa akimwimbia bintiye na kucheza naye. Anne alifariki mwaka 1948, akiwa na miaka 20. Na baba yake alipokufa mwaka 1970, alizikwa kando yake. Kama askari yule aliweza, ni nani atakayesema kwamba mwanamume hakuumbiwa kulea?

Wako pia wanaomlaumu mama. Lakini mwaka 1959 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba wenye hali ya Down wana kromosomu 47 badala ya 46. Si laana, wala si kosa la mama. Lawama hiyo ni mlango wa kukimbilia tu.

Nayo Kurani Tukufu, katika Sura ya 31, yatuonyesha baba, Luqman, akimwusia mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe.

Atafutaye riziki mbali ana udhuru. Lakini arudipo nyumbani udhuru umekwisha. Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu. Siku ya kuulizwa, baba atajibuje kwamba aliilipia amana hiyo, ilhali hakuwahi kuishika mkono?