Stiki ya Oili

Fundi aliweka dumu lililokatwa ubavu chini ya injini, akalegeza nati ya kumwagia, akaacha oili itiririke mpaka yakabaki matone. Kisha akafanya jambo ambalo fundi mwingine hajawahi kunifanyia. Ile oili nyeusi aliimimina kwenye chupa tupu ya lita moja, akaisimamisha juani. Haikufika nusu.

"Mwalimu, safari iliyopita ulitia kiasi gani?"

"Lita moja kasoro kidogo, kama kawaida. Na kwa kukadiria kwangu, hata kilometa elfu mbili sijafikisha."

"Sasa nyingine iko wapi?"

Nikainama kutazama chini ya injini, kana kwamba nitaiona imejificha. Hapakuwa na tone. Kijana yule, ambaye dakika chache kabla alikuwa ameniamkia shikamoo kwa adabu zote, akawa ananitazama kama anayemtazama mtoto aliyeshindwa hesabu ya darasa la pili.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, niliinunua mkononi mwa kijana wa bodaboda hapa Morogoro. Kioo cha spidi kinasoma kilometa 38,412, na kitaendelea kusoma hivyo hadi kiama, kwa kuwa waya wake ulikatika kabla sijaijua. Ukitaka umri wake wa kweli, tazama mpira wa pedeli ya gia: umelika mpaka chuma kinang'aa. Bodaboda anayetembea kilometa 100 kwa siku humaliza 30,000 ndani ya mwaka mmoja. Hii ilifanya kazi hiyo miaka minne.

Injini za aina hii zinafuata muundo wa Honda CG125, pikipiki iliyotoka miaka ya 1970 ikikusudiwa watu wa kazi na barabara mbovu. Ni injini yenye subira kubwa. Lakini haina filta ya karatasi kama ya gari. Ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka na kunasa uchafu, basi. Na ile lita moja ndogo hailainishi pistoni peke yake. Inaogesha gia, inaogesha na klachi. Ndiyo maana ukitia oili ya gari, hasa hizi nyepesi za kisasa, klachi huanza kuteleza: injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, na kwa joto letu na injini iliyochoka, 20W-50 inatosha. Hakikisha pia kizibo hakijafunguliwa. Wapo wanaookota chupa tupu na kuzijaza wanachojua wao.

Hayo yote nilikuwa nayafanya. Oili nzuri, kwa wakati, kwa risiti. Nilikuwa na daftari la sevisi ambalo ningeweza kumwonyesha mkaguzi. Jambo moja tu sikulifanya: tangu siku ya sevisi hadi siku ya sevisi, sikuwahi kuchomoa stiki.

Injini mpya unaweza kuisahau kidogo. Iliyotembea sana inakula. Ringi zikilika, oili hupanda na kuungua juu ya pistoni. Sili za valvu zikikauka, oili hushuka usiku kidogo kidogo, ukipiga kiki asubuhi unaona moshi wa bluu, halafu unapotea, nawe unajisemea ni baridi. Haivuji, haidondoki, haipigi kelele. Siku injini itakapopiga kelele, bei yake itakuwa ya injini.

Fundi alinifundisha kupima. Isimamishe kwenye stendi ya kati, mahali tambarare. Washa dakika mbili tatu, zima, ngoja muda kama huo ili oili ishuke. Chomoa stiki, ifute, irudishe bila kuikaza, itoe tena, soma kati ya alama mbili. Ukipimia kwenye stendi ya pembeni, pikipiki inalalia kushoto na stiki iko kulia, itakudanganya kuwa oili imepungua. Utajaza kupita kiasi, na ya ziada itatafuta njia ya kutokea mpaka kwenye boksi la hewa. Kazi nzima haifiki dakika kumi. Nilijifunza nikiwa na miaka 47.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili la karakana limenikaa kooni.

Kila tarehe 2 ya mwezi namtumia mama fedha za matumizi kwa simu. Miaka sita sijaruka hata mwezi mmoja, na nimejisifu kwa hilo mbele za watu. Wiki chache baada ya siku ile ya fundi nilikwenda Kilosa kumsalimia. Akanimiminia chai. Kikombe kikajaa, kikafurika, chai ikaingia kwenye sahani, naye akaendelea kumimina huku akinisimulia habari za shamba. Nikamshika mkono. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe katikati. Mtoto wa jicho. La kushoto nalo lilikuwa limeanza.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hela ulikuwa unatuma, mwanangu. Kuuliza hukuuliza."

Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anafuta meza kwa kitambaa, akipapasa ukingo wake kwa mkono mwingine.

Siku hizi nampigia kila Jumapili, na simuulizi "hujambo", maana jibu lake nalijua tangu nikiwa tumboni. Namuuliza amesoma nini, amepika nini, nani kampeleka kisimani. Jumapili hiyohiyo kabla ya kanisa nachomoa stiki. Kwa wiki mbili injini hula karibu robo lita; fundi anasema ringi zitabadilishwa nikipata fedha, na mpaka hapo niwe naongeza.

Mama atafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi ujao. Nitakwenda kwa pikipiki. Chupa ya oili ya nusu lita nimeshaifunga kwenye keria.