Waislamu tusiidharau stashahada ya madini

  

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, jambo moja hujirudia katika nyumba zetu za mijini. Kijana amefaulu masomo ya sayansi, ila alama hazikumfikisha chuo kikuu katika fani aliyoitaka. Mzazi anamwambia arudie mtihani, au akakae dukani kwa ami yake mpaka Mungu afungue mlango. Akitajiwa stashahada ya miaka miwili ya teknolojia ya madini, jibu ni lile lile: hiyo ni elimu ya walioshindwa, na machimboni ni kwa wahuni.

Ndugu zangu Waislamu, mlango umekwisha kufunguliwa. Sisi ndio tunaoupa mgongo.

Tuirejee Qur'an. Katika Suratul Hadid, Allah (SW) anatukumbusha kuwa chuma alikiteremsha kikiwa na nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Katika Surat Saba tunasoma kuwa Nabii Daud (AS) alilainishiwa chuma na akaamrishwa atengeneze deraya kwa vipimo vya sawasawa. Katika Suratul Kahf, Dhulqarnain alitumia vipande vya chuma na shaba iliyoyeyushwa kuwakinga watu wanyonge na madhara ya Yaajuj na Maajuj. Hapa hatuoni utajiri wa madini peke yake. Tunaona ujuzi, kipimo na nia ya kuwakinga watu.

Naye Mtume (SAW) imepokewa kuwa alimpa Bilal bin Harith al-Muzani machimbo ya Qabaliyya ayaendeshe. Imam Ghazali alieleza kuwa fani ambazo maisha ya watu hayasimami bila ya hizo, kama utabibu na kilimo, ni faradhi ya kutosheleza: wakipatikana wa kutosha, wengine wamesalimika; wasipopatikana, umma mzima unabeba dhambi. Je, katika nchi ambayo dhahabu ni miongoni mwa bidhaa zake kubwa za kuuza nje, na maelfu ya watu wanaingia ardhini kila siku, fani ya uchimbaji salama haimo katika faradhi hiyo?

Tazama gharama ya ujinga. Machi 2008 mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya tanzanite kule Mererani, na wachimbaji zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Mwaka 2015 kule Nyangarata, Kahama, wachimbaji waliofukiwa waliokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2024 duara liliporomoka wilayani Bariadi, watu 22 wakafa. Ajali ni kadari ya Allah, hilo hatulipingi. Lakini kufunga ngamia ni amri. Namna ya kuweka matimba, kutoa maji, kupitisha hewa, kulipua baruti na kujua mwamba upi hautashika, hayo yote yanafundishwa darasani.

Ujinga huo huo una mlango mwingine mbaya zaidi, nao ni shirki. Asiyejua kusoma mwamba humwendea mganga amwonyeshe dhahabu ilipo. Tunakumbuka miaka ya 2007 na kuendelea, jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyouawa Kanda ya Ziwa kwa uongo wa waganga kuwa viungo vyao huleta utajiri wa madini na samaki. Mtume (SAW) ametuonya kuwa mwenye kumwendea kuhani na kumsadiki amekufuru yale aliyoteremshiwa Muhammad. Kijana aliyesoma jiolojia, akasimama mbele ya wachimbaji kuwaeleza kwa nini mkanda wa dhahabu umepita huku na si kule, huyo anabomoa soko la mganga.

Wapo watakaosema machimboni kuna pombe na zinaa, mtoto ataharibika. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini vijana wetu wako huko tayari! Wamo maduarani, wamo kwenye makarasha, wanachoma zebaki kwa mikono mitupu huku mvuke wake ukiharibu mishipa ya fahamu na figo, na kuwadhuru watoto walio matumboni mwa mama zao. Wameingia bila elimu. Swali ni kama tutawapelekea mtu mwenye elimu na dini pamoja.

Maana fundi wa mgodi ni mtu wa amana. Yeye ndiye anayeandika kuwa shimo ni salama au si salama. Mwenye mgodi anaweza kumpa bahasha ili aandike asivyoona. Siku hiyo cheti hakitamsaidia. Kitakachomsaidia ni kumwogopa Allah, ambaye amehesabu kuokoa nafsi moja kuwa ni sawa na kuwaokoa watu wote.

Hivyo basi, mzazi, usimvunje moyo mwanao, wa kiume wala wa kike. Kazi za maabara na upimaji zinawahitaji wote. Kamati za misikiti, wekeni mtu mmoja wa kuwasaidia vijana kujaza fomu za vyuo kabla muda haujapita. Nanyi mlioruzukiwa, ada ya kijana mmoja kwa miaka miwili ni sadaka inayoendelea, kila mchimbaji atakapotoka shimoni mzima na kurudi kwa watoto wake.

Tumekuwa hodari wa kulalamika kuwa hatupo katika fani hizi. Malalamiko hayajazi fomu. Allah atuzidishie elimu yenye manufaa na awahifadhi ndugu zetu walio chini ya ardhi. Amin.