Miaka Isiyo na Barua

Je, kazi ambayo sheria haikuiruhusu, wala haikuwa na tajiri wa kuitolea barua, yahesabiwa kuwa maarifa? Kwa mkimbizi wa Dzaleka swali hili halimo katika falsafa tu, maana vyuo vikuu vingi anavyoviomba nafasi ya shahada ya uzamili humtaka aeleze kazi zake mwaka kwa mwaka.

Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa zama za Kamuzu Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kiasi cha 10,000, na sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Malawi, ilipoukubali mwaka 1987 Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilivitolea udhuru vifungu kadhaa, vikiwamo vya kazi na vya uhuru wa kwenda na kukaa; kwa hiyo mkimbizi aliyeuza nguo au kutengeneza simu Biwi, mjini Lilongwe, aliishi kwa stahamala tu, nayo ilikoma mwaka 2023 serikali ilipoamuru warejee kambini.

Wako waliosoma huko huko kambini, kwani tangu 2010 Wajesuiti waliwaletea masomo ya mbali, na diploma ikatolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver. Mtu wa namna hiyo cheti anacho; asichonacho ni tarehe ya kazi itakayosadikiwa, maana amekuwa mkalimani wa zahanati, mwalimu wa posho na mchuuzi, na marafiki humnasihi aliite genge lake kampuni.

Mimi siafiki nasaha hiyo. Mkalimani aliyesimama baina ya mganga na mama mwenye mtoto mahututi, akapima kila neno kwa kuwa kosa lake lingeweza kuua, amefanya kazi ya akili na ya dhamiri. Akiificha, huwa amewakubalia wenye kuidharau. Hata Imamu al-Ghazali alikuwa na miaka isiyo na barua: aliiacha madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad mwaka 1095, akazuru Sham, Baitulmukadasi na Hijazi, asirudi kufundisha madrasa kubwa mpaka 1106, huko Nishapur. Yeye alitoka kwa hiari, wakimbizi hawa walifukuzwa na vita, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo alipoandika habari zake hakuipamba miaka ile, bali alisimulia hata jinsi ulimi wake ulivyofungika mbele ya wanafunzi.

Lakini ukweli wa mwombaji wahitaji msikilizaji mwenye insafu. Wanatheolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Mu'tazila walikana katakata kwamba ni uadilifu kumtwika mja asiloliweza. Basi anayemdai barua ya mwajiri mtu aliyekatazwa kuajiriwa atajitetea kwa hoja gani? Na aipokee barua ya mganga yule, au ya wazazi ambao watoto wao walifundishwa kusoma, aipime kama apimavyo ya meneja wa benki.